Vitambaa Vyekundu kwenye Pikapu ya Nzau

Muindi hakuwa mtu wa kukaa. Wateja wake wa Mumbuni walijua: ukija kwa fundi Muindi kuuliza habari za geti lako, usitafute kiti, maana hata yeye hana. Chai aliinywa amesimama, chakula alikila akizungukazunguka kati ya vyuma, na akipokea simu ilikuwa lazima atembee hadi barabarani na kurudi, kana kwamba maneno yanamchoma nyayo. Mkewe Ndila alizoea kusema kwamba siku ya kumzika Muindi itabidi jeneza lipigiliwe misumari mara mbili.

Basi simu ya Mutua ilipoingia alitembea hadi barabarani kama kawaida. Safari hii hakurudi.

"Muindi, kuja uchukue baba yako," Mutua alisema. "Kuja umchukue kabla hatujamchukua sisi."

"Mutua, hata jambo hakuna?"

"Jambo niko nalo hapa mbele ya nyumba ya mama yangu. Limefungwa vitambaa vyekundu."

Mutua alikuwa jirani wao kule kwao Mwala, mwendesha boda boda, kijana mwenye mdomo mchungu lakini si mwongo. Akaeleza. Kwa muda sasa mzee Muthoka, babake Muindi, alikuwa akiamka alfajiri, anavuka ua wa minyaa na kuingia bomani kwa Kavindu, mamake Mutua. Huko anakwenda moja kwa moja kwenye pikapu ya marehemu Nzau, ile Peugeot kuukuu iliyofunikwa turubai tangu mwenyewe azikwe. Analifunua turubai. Anaizunguka pikapu akiipapasa. Kisha anafunga vitambaa vyekundu mbele, kwenye magurudumu, kwenye bomba la moshi, anafunika tena na kwenda zake bila hata kukohoa. Na juzi ng'ombe wa Kavindu, yule wa maziwa, alianguka malishoni akafa bila kuugua.

"Sasa wewe niambie," Mutua akasema, "hiyo ni kazi ya mtu wa aina gani?"

Kila Mkamba anajua mtu anayezunguka boma la mwenzake alfajiri anaitwaje, na kitambaa chekundu kwenye mali ya marehemu si pambo la Krismasi.

"Wazee wa ukoo wanakaa kesho asubuhi hapa kwetu. Mzee wako aape kithitu ama ahame. Na kuna vijana hawataki kungoja hiyo kesho. Mimi nimewazuia na mdomo tu, na mdomo wangu unachoka."

Kithitu ni kiapo ambacho hata mlevi hakifanyii mzaha. Ukikiapa kwa uongo, watu wa nyumba yako wanaanza kufa mmoja mmoja, na wewe unaachwa mwisho ili uwazike. Sasa mzee ambaye hakumbuki kama amekula, ataapa nini? Na asipoapa yeye, ataapa mwanawe. Muindi alikuwa na watoto.

Alipanda gari lake na geti la mtu likiwa bado nyuma halijapakwa rangi, likagongagonga njia nzima kama mtu anayebisha hodi. Alipita Makutano bila kusimama. Alivuka mito iliyobaki mchanga mtupu, akapita mikokoteni ya punda iliyobeba mitungi ya maji, na kila alipopunguza mwendo swali lilimfikia: je, kama ni kweli?

Maana hilo ndilo lililokuwa likimla. Muindi hakumjua baba yake vizuri. Watu wa Mwala walimwita Muthoka "Kapteni," na kila mtu alijua alirusha ndege za kivita za jeshi, zile F-5 zenye pua ndefu kama ya panya, wakati familia ilikuwa inaishi Nanyuki. Muindi mwenyewe alikumbuka ngurumo. Ndege zikiruka, mama yake Munyiva alikimbilia kabati na kulikumbatia ili vikombe visianguke, na baadaye alicheka na kusema, "Huyo ni baba yenu, hajui kupita kwa adabu." Hayo yote yaliisha Agosti ya mwaka wa themanini na mbili, jeshi la anga lilipovunjwa baada ya jaribio la mapinduzi. Muthoka alikuwa nyumbani likizoni, anachimba choo. Aliitwa, akakaa huko miezi, akarudi amekonda na mkoba mmoja. Akamalizia kile choo. Tangu siku hiyo ndege hazikutajwa katika nyumba ile. Karo ilikosekana, Muindi akaacha shule akajifunza kuchomelea, na mzee akalima mbaazi mpaka mgongo ukapinda. Ndege ikipita juu, mzee aliinama kwenye jembe. Muindi ndiye aliyetazama juu, mpaka leo, na kila mara alishikwa na hasira asiyojua aitupie nani.

Mtu aliyenyamaza miaka yote hiyo anaweza kuwa na kitu chochote tumboni.

Alimkuta mzee ameketi barazani, amenyoa ndevu, shati limechomekwa, viatu vimeng'arishwa lakini havina kamba. Akili yake ilianza kuvuja tangu Munyiva afariki. Siku nyingine ilijaa, siku nyingine ilikuwa debe tupu. Wanza, mama aliyelipwa kumpikia, alikuwa anachagua mbaazi kando yake, na alipomwona Muindi alisimama haraka.

"Afadhali umekuja. Mimi kesho sikuji, nisikudanganye. Watu wananiuliza kama mimi ndiye namshikia kibuyu."

"Hivyo vitambaa anatoa wapi?"

Wanza alimwonyesha kwa kidevu. Ndani, pazia jekundu la sebuleni, lile Munyiva alilolishona mwenyewe, lilikuwa limebaki nusu. Chini lilikatwa kwa mkasi, wima wima, vipande vyote upana mmoja. Haikuwa kazi ya mwendawazimu. Ilikuwa kazi ya mtu anayejua anachotaka, na hilo ndilo lililomtia Muindi baridi.

Alitoka akachuchumaa mbele ya baba yake, akasimama, akachuchumaa tena.

"Baba, unaenda kufanya nini kwa kina Nzau?"

Mzee alimtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mgeni aliyekosea mlango. "Bado haijakubalika," akasema.

"Nini haijakubalika?"

"Siwezi kwenda. Hawajanionyesha."

"Nani hawajakuonyesha? Kukuonyesha nini? Baba! Watu wanataka kukuua, wewe unaniongelea mafumbo!"

Mzee alishusha macho akaanza kutazama viatu vyake. Muindi akaona aibu, na aibu ikamtia hasira zaidi, akavuka ua kwenda kwa Kavindu kabla hajasema jingine.

Kavindu alikuwa anakanda kiuno chake kwa mkono, ameegemea zizi tupu. Mama anayeingia uzeeni, mwembamba, aliyelea watoto wake na wa dada yake kwa ile pikapu ya mumewe ya kubebea mchanga. Nzau alipokufa, hakuiuza. Aliifunika.

"Mwaitu, mama yangu, pole na ng'ombe," Muindi alisema.

"Ii, asante. Kaa."

"Nimekaa sana garini."

"Wewe hujakaa tangu uzaliwe," Kavindu akasema, na karibu acheke, kisha akakumbuka. "Muindi, mimi sina ubaya na baba yako. Alituchimbia kaburi la Nzau kwa mikono yake. Lakini naamka nakuta mtu anapapasa gari la bwanangu gizani kama anapapasa maiti, anafunga vitu. Mimi niseme nini? Niseme ni mchezo?"

Alimwonyesha. Turubai lilikuwa limefunuliwa nusu. Kitambaa kimoja kilining'inia mbele puani, vingine kwenye kila gurudumu, vyote vimefungwa kwa fundo moja safi na mkia mrefu ulioachwa uning'inie. Hakuna mtu aliyethubutu kuvigusa. Hata kuku, Kavindu alisema, hawapiti pale, ingawa Muindi aliona wazi kinyesi cha kuku juu ya boneti.

Alinyosha mkono kukifungua cha mbele.

"Wacha!" Mutua akapiga kelele kutoka mlangoni. "Ukigusa wewe, ni wewe umekubali. Wazee wavione kwanza."

Muindi akaurudisha mkono. Baadaye alijichukia kwa hilo.

Jioni alimlisha baba yake isyo ya mahindi na maharagwe, akafunga mlango kwa kufuli na kuweka ufunguo chini ya mto wake. Alijiambia ni kwa ajili ya wale vijana. Kulipoanza kupambazuka aliamshwa na mkwaruzo. Mzee alikuwa ameshavaa. Alijaribu mlango, akajaribu tena, kisha akaanza kuzunguka chumba, mkono ukipapasa ukuta, akifika mlangoni anasimama, anasikiliza, anaanza upya. Hakulalamika. Alizunguka tu, na pumzi yake ilizidi kuwa fupi, mpaka Muindi akajiona mwenyewe mle ndani, kwenye vyuma vyake kule Mumbuni, akizunguka na kikombe cha chai mkononi bila kujua anatafuta nini.

Akafungua kufuli.

"Nenda," akasema. "Nenda basi, lakini leo tunaenda wote."

Mzee alivuka ua kwa hatua za mtu anayechelewa kazini. Kumbe wazee nao walitaka kumshika akiwa katika tendo lenyewe. Walikuwa wameshafika, wamejibanza nyuma ya zizi na blanketi mabegani: mzee Maundu wa ukoo, wenzake kadhaa, na vijana wenye fimbo wakijifanya wanazitumia kwa kutembea. Kavindu alikuwa mlangoni kwake amejifunga leso mbili. Maundu aliinua mkono watu wanyamaze. Muindi alikwenda kusimama kati ya vijana na baba yake. Hakuwa na mpango wowote. Alikuwa na mikono tu.

Mzee Muthoka hakumwona mtu. Alivuta turubai, akalikunja vizuri, akaliweka chini. Alianzia puani. Alishika kitambaa cha kwanza, akahakikisha fundo. Akaweka viganja kando ya macho, akachungulia ndani ya wavu wa mbele kama anayechungulia kisima. Akaenda kushoto, kiganja kikiteleza juu ya bati bila kuinuka. Akapiga gurudumu lisilo na upepo kwa ngumi, akainama, akatazama chini ya gari, kitambaa, fundo. Akapita nyuma, akaweka mkono kwenye bomba la moshi. Akarudi kwa upande wa kulia, yale yale.

"Mnaona?" kijana mmoja akanong'ona. "Anafunga boma mbele ya macho yetu!"

Alipomaliza kuzunguka, mzee hakufunika. Alirudi nyuma kidogo, akasimama wima, mikono nyuma, uso umeelekea pikapu. Akangoja. Akatazama kushoto kwake, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Akaendelea kungoja. Kisha mabega yakashuka, na akainama kuchukua turubai.

Hapo ndipo Muindi alipokumbuka.

Alipajua pale mahali pa kushoto. Aliwahi kusimama mahali kama hapo, utotoni. Ilikuwa siku ya familia kule kambini, wake na watoto wameruhusiwa kuingia, soda za bure, yeye ana kaptura mpya. Ile F-5 ilikuwa imelala juani, nyeupe ya kuumiza macho, na imening'inizwa vitambaa vyekundu puani, magurudumuni, chini ya mabawa, kama bibi arusi aliyevalishwa na wehu. Aliuliza vya nini. Fundi wa ndege, mtu mnene mwenye kucheka, alimwambia: kila kifuniko na kila pini inayoweza kumuua baba yako ikisahauliwa imefungwa utepe mwekundu, ili hata kipofu asiisahau. Baba yake aliizunguka ndege akiipapasa, kisha akapanda juu. Yule fundi alivitoa vitambaa vyote, akaviweka mikononi mwa Muindi, akamwinua hewani. "Onyesha baba! Rubani haendi popote mpaka avione vyote mkononi." Na baba yake kule juu alivitazama kimoja kimoja, hakumtazama mtoto, alivitazama vitambaa, kisha akainua kidole gumba. Injini zikalia. Muindi alijikojolea kaptura mpya, na hilo ndilo alilolikumbuka miaka yote, akasahau mengine.

Ile ndege ambayo baba yake aliiacha siku ya kwenda likizo, aliiacha imefungwa vitambaa vyake. Hakurudi kuvifungua.

"Maundu," Muindi alisema kwa sauti kubwa, "mnataka mtu aape. Mimi naapa sasa hivi, na mikono yangu."

Akaenda kwenye pikapu, akakishika kitambaa cha puani, akakivuta. Watu walirudi nyuma kwa pamoja. Kavindu alisema jina la Yesu. Muindi akafungua cha gurudumu, na kilichofuata, akizunguka njia ile ile aliyozunguka baba yake, na ni kweli aliogopa. Mkamba ni Mkamba hata akiwa na karakana mjini. Alipovimaliza alikwenda kusimama pale kushoto, akaviinua juu ya kichwa.

"Baba!"

Mzee aliachia turubai. Macho yake yalikwenda kwenye vitambaa, kimoja baada ya kingine, midomo ikisogea. Kidole gumba kilianza kuinuka, kikasimama njiani.

"Moja haipo," akasema.

"Baba, ni hivyo vyote."

"Moja haipo!" Ilikuwa sauti ambayo Muindi hakuwahi kuisikia nyumbani, sauti ya kuamrisha watu. "Ya bomba. Unataka nife?"

Muindi akakimbilia nyuma ya pikapu. Bomba la moshi lilikuwa tupu. Akatazama chini, akatazama chini ya gari, akainuka, akamwona Mutua anavyotazama pembeni.

"Mutua."

"Nini?"

"Mutua, kitoe."

"Mimi sina kitu."

"Wewe mtoto," Kavindu akasema kutoka mlangoni, pole pole, "toa kile kitu kiko kwa mfuko."

Mutua alitoa mfuko wa karatasi uliokunjwa mara nyingi. Alikuwa amekikata kwa kisu na kukichukua bila kukigusa, apeleke kwa mganga wa ng'ambo ya mto akaambiwe kimetoka wapi. Alikishika kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa.

"Mkononi," Muindi akamwambia. "Akione mkononi. Simama hapa kando yangu."

"Aiya, Muindi, bana..."

"Si wewe husema ni mwanaume? Simama hapa!"

Mutua akasimama. Akakitoa kitambaa, akafumba macho, akakiinua.

Mzee Muthoka alikitazama. Akavitazama vyote tena, toka mwanzo. Kisha kidole gumba kikapanda juu, kikakaa juu, na uso wake ukafanya kitu ambacho Muindi hakuwa na jina lake. Aligeuka, akapita katikati ya vijana wenye fimbo kana kwamba ni magugu, akavuka ua akaenda nyumbani. Wanza, ambaye alisema hangekuja, alikuwa jikoni kwa mzee anapuliza moto. Baadaye alisema mzee alikula uji bakuli mbili, akalala kama mtoto.

Bomani kwa Kavindu watu walibaki wamesimama. Maundu alikohoa.

"Kwa hivyo hiyo ni ndege," akasema.

"Ni ndege," Muindi akajibu.

"Haina mabawa."

"Kwake yeye inayo. Mnataka nini tena?"

"Usinijibu hivyo, mimi ni rika la baba yako. Nauliza tu. Na ng'ombe?"

Wote wakamtazama Kavindu. Alikuwa ameisogelea pikapu, ameweka mkono juu ya boneti, karibu na pale ambapo kitambaa kilikuwa.

"Ng'ombe hufa," akasema. "Hata Nzau alikufa, na hakuna mtu alikuwa amemfunga kitambaa." Akafuta vumbi la boneti kwa leso. "Nzau naye alikuwa anapiga magurudumu teke kabla atoke. Kila siku. Nilikuwa namwambia, siku moja litakupiga pia. Nendeni nyumbani, wazee. Kithitu chenu pelekeni kwa wezi wa mbuzi."

Kijana mmoja aliguna kwamba yeye bado hajaamini. Hakuna aliyemlazimisha aamini. Lakini fimbo aliitupa juu ya ua akienda, na mbuzi wakaanza kuimenya magome.

Muindi alirudi Mumbuni, ile nusu ya pazia ameichukua ili mzee asizidi kuikata, akampelekea mwenye geti geti lake, akasemwa kwa kuchelewa, akasema pole bila kumaanisha. Wanza alirudi kazini kwa masharti kwamba ajaziwe mtungi wa gesi ya kupikia. Na kila alfajiri kule Mwala mzee Muthoka aliamka, akavuka ua, akafunga vitambaa vyake, akaizunguka pikapu. Na kila alfajiri Kavindu alitoka na leso zake, akavifungua, akasimama kushoto na kuviinua. Akiumwa kiuno, alitoka Mutua, akilaani. Kidole gumba kikipanda, mzee alirudi kula uji.

Halafu simu ikaingia Muindi akiwa amelishika geti jingine, cheche zinaruka. Akatembea nayo hadi barabarani.

"Muindi, kuja," Mutua akasema, bila salamu.

"Kumefanya nini?"

"Mbuzi amekula kitambaa kimoja. Mzee amesimama hapa tangu asubuhi, jua limemfika kichwani, hataki kuondoka. Nimemwonyesha shati yangu nyekundu, amenitukana Kiingereza. Mama anasema wewe ndio uko na ile nusu ya pazia."

Ndege ya abiria ilikuwa inapita juu, imeshusha magurudumu, inaelekea Nairobi. Muindi hakuitazama. Alikuwa tayari anatafuta mkasi.

"Mwambie inakuja," akasema. "Mwekee mwavuli, Mutua, na usimkalishe. Mwambie asimame hapo hapo, inakuja."